Giaboksi ya oto inaslip: jua klachi ipi imeungua na nini kimeiunguza, kabla hujanunua seti mpya

Wakuu, klachi za giaboksi ya oto haziungui zenyewe tu. Ni karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi kwenye pleti ya chuma, inakaa ndani ya oili muda wote, na ikibanwa na presha ya kutosha inakwenda na gari miaka na miaka. Ikiungua maana yake kuna mahali presha haikufika inavyotakiwa, pleti zikawa zinasuguana badala ya kushikana. Sasa mtu anafungua anaona pleti nyeusi, anaweka mpya, anafunga, mwezi haujaisha gari imerudi pale pale na anaanza kulaumu spea za Kariakoo. Spea zinaweza kuwa mbovu kweli ila mara nyingi kilichounguza zile za kwanza bado kiko mle mle ndani kinasubiri zamu ya pili.

Nitaongelea giaboksi ya A340E ya Aisin kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye Toyota Mark II, Chaser, Cresta, Crown na Hilux Surf za zamani, na ya 4WD inaitwa A340F, ndani karibu vilevile. Gia 4, selekta P R N D 2 L na kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya 4). Kama una gari ya CVT usijisumbue, mle ndani kuna mkanda wa chuma na puli, hadithi nyingine kabisa.

Kwanza, inaslip kweli?

Kuslip ni hivi: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa rpm unapanda, gari haiendi sawa na kelele. Kuna tatizo lingine watu wanalichanganya na hili kila siku, gari inakuwa nzito kuondoka, unakanyaga rpm haipandi, inajikokota kama umepakia mchanga. Hiyo sio klachi! Hiyo gari inaondokea gia ya 3 au ya 4 kwa sababu solenoidi (vali ndogo za umeme zinazobadili gia) hazipati umeme. A340E ikikosa umeme wa solenoidi zote kwenye D inabaki gia ya 4, ukiweka 2 inaingia 3, ukiweka L inaingia 1. Nimeona giaboksi nzima imeshushwa kwa ajili ya plagi iliyolegea pembeni ya kesi.

Na hiyo hiyo tabia ndiyo kipimo kizuri cha bure. Chomoa plagi ya solenoidi, ondoka na L, weka 2, kisha D, mwenyewe kwa mkono (usirudishe L ukiwa speed tafadhali). Kama gia zinaingia na kushika vizuri basi klachi za gia hizo (1, 3 na 4) ziko hai na tatizo huenda ni waya, solenoidi, sensa au kompyuta. Kama inaslip hata hivyo, haya, tuendelee, ni presha au klachi.

Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe wakati unaendesha, kompyuta imeshaona kosa. Kwenye zile za zamani unaunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kule kwenye injini, O/D ikiwa on, swichi on bila kuwasha, halafu unahesabu mipepeso (62 ni mipepeso 6, inatulia, kisha 2). 62 ni solenoidi namba 1, 63 ni namba 2, 64 ni ya lokapu (klachi ya ndani ya konveta), 42 na 61 ni sensa za spidi. Solenoidi yenyewe ukiipima kwa mita inatakiwa kusoma kama 11 mpaka 15 ohm.

Vitu vya bei rahisi ambavyo watu wanaruka

Oili. Pima injini ikiwa inaunguruma, gari kwenye P, imeshapata joto, imesimama sawa sio kwenye mteremko. Ikipungua pampu inavuta hewa, hewa inabanika, presha hakuna. Ikizidi sana nayo inachapwa na vitu vinavyozunguka inatoa povu, matokeo yaleyale. Rangi iwe nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kama kitu kimeungua unajua unachokiendea. Ikiwa ya pinki yenye ukungu, simamisha kila kitu, maji ya radieta yameingia kwenye oili, maana kipozeo cha oili ya giaboksi kinakaa ndani ya tanki la radieta na huku kwetu watu wanajaza maji ya bomba bila kulanti (dawa ya radieta) miaka kumi, kile kibomba kinaoza. Maji yanalainisha gundi inayoshika karatasi kwenye pleti, karatasi inabanduka. Hapo hata ukibadili oili mara nyingi namna gani pleti zimeshaharibika, na radieta ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo utaweka seti mpya uitie maji.

Kebo ya throto. Hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo muuaji mkimya. Kwenye A340E zenye kebo, wakati wa kubadili gia unaamuliwa na kompyuta, lakini presha ya oili inayobana klachi inaamuliwa na ile kebo inayotoka kwenye throto kwenda kwenye vali bodi (bloku yenye vali zinazogawa oili kwa klachi). Ukikanyaga mafuta zaidi kebo inavuta, presha inapanda, klachi inabanwa zaidi kwa sababu nguvu imezidi. Kebo ikilegea, gia zinabadilika kwa wakati wake kama kawaida, hakuna taa, hakuna kosa, tena zinabadilika laini tamu kabisa mpaka mwenye gari anasifia "giaboksi yangu hariri". Kumbe klachi zinabanwa nusu nusu, zinateleza kidogo kila gia inapoingia, na siku unapanda mlima Kitonga na mzigo ndio inamalizikia. Angalia hivi: mtu akanyage mafuta mpaka mwisho injini imezimwa, wewe angalia pale kwenye kebo kuna kizuizi kidogo cha chuma kimebanwa juu ya waya, umbali kati yake na mwisho wa kava la kebo uwe kati ya 0 na 1 mm. Ukikuta sentimita nzima umepata mchawi. Gari zilizobadilishwa injini au throto bodi ndio sana, fundi anafunga kila kitu, kebo anaining'iniza tu. Matoleo ya mwishoni hayana kebo, presha inaendeshwa na solenoidi, huko rudi kwenye umeme.

Chujio la kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) nalo. Likiziba gari inaondoka vizuri ikiwa ya baridi, ukiiendesha dakika 20 inaanza kulegea gia zote, ukisimama ukapumzika inarudi. Dalili ya gia zote kwa pamoja karibu kila mara ni presha, sio klachi moja.

Nani anafanya kazi kwenye gia ipi

Hapa ndipo penye utamu. Ukijua hii huhitaji kubahatisha. C ni klachi, B ni breki, yaani nayo ni pleti tu ila inashika kitu kisizunguke (B1 peke yake ni mkanda), F ni wanwei, inashika upande mmoja upande wa pili inaachia.

Gia ya 1 kwenye D inabanwa na C0 na C1, wanwei F0 na F2 zinashika. Ya 2 ni C0, C1, B2, pamoja na F0 na F1. Ya 3 ni C0, C1, C2, na B2 inabaki imebanwa ila haibebi kitu, F0 bado ipo. Ya 4 C0 inaachia, B0 inashika, zinabaki C1, C2, B0 na B2. Rivasi ni C0, C2, B3 na F0. Ukiweka L inaongezeka B3 kwenye gia ya 1, ukiweka 2 inaongezeka B1 kwenye gia ya 2, hizi zote mbili ni kwa ajili ya injini kushikilia gari mteremkoni.

Chukua karatasi uandike hivyo, halafu nenda barabarani na gari. Unaweka alama kila gia inayoshika na inayoslip. Klachi inayobeba kazi kwenye gia zote mbovu na haibebi kwenye gia yoyote iliyo nzima, ndiyo hiyo.

Mbele haiendi, rivasi iko poa. C1, hakuna mjadala mrefu, ndiyo pekee inayofanya kazi mbele zote na haipo rivasi. Lakini kama D haiendi halafu ukiweka L inaondoka, C1 ni nzima, F2 ndiyo imekufa, kwa sababu kwenye L B3 inaishikia kazi yake. Watu wengi wanabadili klachi zote wanarudisha F2 ileile iliyokufa.

Rivasi inaslip. Hapa kuna wawili, C2 na B3. Nenda mbele: ikifika gia ya 3 injini ikaruka rpm, au inashika kwa kusuasua, ni C2. Kama ya 3 inaingia safi, sasa weka L kwenye mteremko mdogo uachie mafuta. Injini isiposhikilia gari, ikawa inateleza kama iko N, ni B3. Rivasi ndiyo inayotaka presha kubwa kuliko gia zingine ndiyo maana ugonjwa wa C2 mara nyingi mtu anauona kwanza kwenye rivasi, hasa kurudi nyuma kupanda kwenye geti, wakati barabarani bado anasema gari nzima.

Inapotoka 2 kwenda 3 injini inaruka halafu inashika kwa kishindo. C2 tena, ila usikimbilie pleti. C2 ina akumuleta yake, kipistoni chenye springi na oringi kinachokaa kwenye kesi juu ya vali bodi. Ziko nne mle, za C0, B0, C2 na B2. Oringi ikikatika au shimo likilika, oili inavuja badala ya kujaza klachi, klachi inachelewa kubana, inaungua. Hiyo unaifikia kwa kushusha sampu na vali bodi tu, giaboksi ikiwa kwenye gari. Kama dalili ndiyo imeanza juzi na oili bado nyekundu, anzia hapo, unaweza ukaiwahi.

Gia ya 2 tu ndiyo inaslip, 1 na 3 safi: B2 au F1. Ya 4 tu: zima O/D uendeshe, ikiwa poa kabisa ni B0. Unaweza kuendesha hivyo kwa muda ukitafuta hela, mafuta yataenda zaidi kidogo lakini usiwashe O/D hata mara moja kwa kujaribu, kila ukijaribu unamwaga vumbi la karatasi kwenye vali bodi.

Zote zinaslip isipokuwa ya 4, rivasi pia: F0 na C0, zinasaidiana hizo, F0 ikifa C0 inabeba mzigo wote peke yake mpaka inaungua. Ukikuta C0 imeungua peke yake usiondoke bila kuzungusha F0 kwa mkono. Upande mmoja izunguke, wa pili igome kabisa bila kusita.

Kuna na za upande wa pili, yaani klachi isiyoachia. Gari inatambaa mbele ikiwa N na ukiweka R inajikaza kama umekanyaga breki: C1 imeshikana pleti zimegandana, au imefungwa bila nafasi. Ikifika gia ya 4 inajikaza hivyo hivyo, C0 haiachii. Ila kabla ya yote hayo angalia kebo ya selekta, isije ikawa N yako sio N.

Na asubuhi? Gari imelala, unaweka D inakaa inawaza kwanza ndio inaingia. Ikiwa ni mara ya kwanza tu baada ya kuwasha, halafu siku nzima hairudii, mara nyingi ni oili imeshuka usiku kutoka kwenye konveta (lile duara kati ya injini na giaboksi linalopitisha nguvu kwa oili), sio dharura. Ikiwa inarudia rudia mpaka ipate joto ndio inakuwa sawa, sili za pistoni zimekuwa ngumu kama plastiki, zikipata joto zinalainika kidogo zinaziba. Ikiwa ni kinyume, ya baridi iko poa na joto likija inaslip, oili imekuwa nyepesi inavujia mahali palipolika, pampu au bushi au ringi za kwenye shafti.

Kuthibitisha kwa saa na rpm

Oili iwe na joto, kama nyuzi 50 mpaka 80. Weka handbreki, kanyaga breki, toa N weka D uhesabu mpaka usikie gari imeshika. Isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. D ikichelewa R ikawahi, C1. R ikichelewa peke yake, C2 au B3. Zote zikichelewa, presha.

Stoli testi ni ukatili kidogo ila inasema ukweli. Kabari kwenye magurudumu manne, handbreki, mguu wa kushoto breki mpaka mwisho, hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, weka D kanyaga mafuta yote usizidi sekunde 5, soma rpm ilipogota. Rudia kwenye R baada ya kuipumzisha. Namba sahihi inategemea injini yako, iko kwenye manyuali. Ikizidi kwenye D tu, C1 au F2. Ikizidi R tu, C2 au B3. Ikizidi kote, presha ndogo au F0. Ikiwa chini kote injini haina nguvu au konveta yenyewe imekufa wanwei yake ya ndani. Giaboksi ambayo tayari inanuka kuungua usiifanyie hii, umeshapata jibu, unaongeza uchafu tu.

Shusha sampu. Kwenye sumaku tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vyeusi vinavyosagika kwenye vidole ni karatasi ya klachi. Chembe za rangi ya dhahabu ni bushi. Vipande vya chuma vyenye ncha ni bearingi au gia za sayari, na hapo bei ya kukarabati inaweza kuipita giaboksi ya mtumba kutoka Japani, piga hesabu mapema.

Kuna usemi mtaani kwamba ukibadili oili ya giaboksi ya zamani unaiua. Ilikuwa inakufa tayari. Mtu anabadili oili akiwa ameshaona inaslip, wiki mbili baadaye imesimama, anasema oili mpya. Na zile dawa za kuongeza uzito wa oili zinafanya inashika siku kadhaa, muda wa kutosha kumuuzia mtu gari, ndio kazi yake hiyo.

Imeshuka, sasa pleti zinaongea

Safisha nje kabla ya kufungua, piga picha kila hatua, na kila klachi iende kwenye sinia lake na mpangilio wake. Kuna bearingi bapa na reli zake nyembamba zinagandia nyuma ya vitu kwa oili, unadhani umeitoa kumbe imebaki upande wa pili, au imedondoka. Picha zinaokoa.

Chukua pleti moja ya karatasi uiangalie vizuri. Kwenye karatasi kuna namba zimechapwa. Kama namba hata sehemu yake imefutika pleti imeisha, badili zote za klachi ile, hata kama kwa macho unaona bado nene. Karatasi ikiwa nyeusi inayong'aa kama kioo imeungua. Ikibanduka kwa ukucha, gundi imekufa, fikiria maji. Pleti za chuma zikiwa na madoa ya bluu au meusi tupa, na zisizo na madoa ziweke juu ya kioo uone kama hazichezi. Mimi za chuma nanunua mpya kwa klachi iliyoungua, hizo zingine kama ziko sawa zinarudi.

Halafu usikimbilie pleti mpya. Toa pistoni ya ile klachi iliyoungua, puliza hewa kwenye tundu la oili itatoka yenyewe (weka tambara mbele, inaweza kuruka). Angalia sili zake kama zimekauka au zimekatika. Angalia pistoni kama ina ufa, nyufa nyingine ni nyembamba kama unywele, zinaonekana ukiikausha vizuri na kuisogeza kwenye mwanga. Kama ni pistoni ya C itikise sikioni, ndani yake kuna kigololi, unatakiwa ukisikie kinacheza, halafu puliza hewa ndogo kwenye tundu la kigololi upande wa oili, isipite. Kigololi kilichokwama wazi kinamwaga presha ya klachi nzima na hakuna atakayekuonyesha. Baada ya hapo fuata njia ya oili kurudi nyuma: ringi za kwenye shafti na kwenye sapoti ya katikati, zikae huru kwenye mifereji yake, na pale zinaposugulia kusiwe na mtaro unaoukamata kwa ukucha. Ukipata kilichovuja hapo ndio umemaliza kazi, kubadili pleti ni sehemu rahisi.

B3 iko nyuma kabisa ya kesi inatoka mwisho, ina pistoni mbili moja ndani ya nyingine na kuzitoa kunasumbua, ndio maana mafundi wengi wanaiacha na sili za kale. Kama rivasi ndiyo ilikuleta, usikubali.

Kufunga

Pleti za karatasi ziloweke kwenye ATF (oili ya giaboksi ya oto) ileile utakayoitumia, dakika 15 ni kima cha chini, mimi naziloweka naenda kula kabisa. Hizi A340 za zamani nyingi zinataka aina ya Dexron, usichanganye na ile ya WS ya gari mpya.

Sili za midomo mdomo wake unaangalia inakotoka presha, yaani ndani kwenye oili. Zipake ATF, ingiza pistoni taratibu ukizungusha, mdomo unaogoma usaidie na fila geji nyembamba kabisa isiyo na ncha kali. Ikikunjika huioni tena, utaigundua gari ikiwa chini na D inachelewa. Kushikisha bearingi na reli zisidondoke tumia mafuta ya mgando yale ya kujipaka, yasiyo na manukato, yanayeyuka kwenye oili. Grisi ya magurudumu haiyeyuki, inakwenda kuziba vitundu vya vali bodi. Na matambara ya pamba yanayotoa nyuzi weka mbali, tumia yasiyotoa nyuzi au hewa ya kompresa.

Panga chuma, karatasi, chuma, karatasi, mwisho ile pleti nene halafu saklipu. Idadi inatofautiana kwa injini hadi injini hata kwenye A340 zenyewe, kwa hiyo hesabu za kwako ulizotoa, usifuate za rafiki.

Nafasi ya klachi ndio inayotofautisha fundi na mbahatishaji. Weka dayo geji (saa ya kupimia milimita) juu ya pistoni, piga hewa ya kilo 4 mpaka 8, soma pistoni inasafiri kiasi gani. Kila klachi ina namba yake, chukua manyuali ya gari yako. Nafasi ikizidi pistoni inachelewa kufika na mdomo wa sili unakwenda mbali, ikiwa ndogo pleti zinasuguana hata zikiwa zimeachiwa na seti mpya inaungua bila mtu kukanyaga mafuta. Unarekebisha kwa ile pleti nene ya mwisho, zinauzwa unene tofauti. Mkanda wa B1 wenyewe pistoni yake isafiri 1.5 mpaka 3.0 mm, inarekebishwa kwa urefu wa fimbo.

Kabla ya kurudisha vali bodi, puliza hewa kwenye kila tundu la klachi kwenye kesi. Unataka kusikia "tup" nzito na kimya. Ukisikia "tup" ikifuatiwa na "ssss" ndefu, fungua tena sasa hivi, ukiwa bado mezani. Mvujo mdogo kwenye ringi upo, lakini sio wa kusikika kama tairi.

Konveta ya giaboksi iliyoungua imejaa vumbi la karatasi na huwezi kuiosha kwa kumwaga tu. Ikatwe isafishwe na mtu mwenye mashine, au inunuliwe nyingine. Bomba na kipozeo navyo vipulizwe kinyume na mwelekeo wa oili. Ukiirudisha konveta izungushe ukisukuma mpaka idondoke ndani hatua zote, halafu giaboksi ikutane na injini kwa mkono, uso kwa uso, kabla ya kukaza bolti hata moja. Ukiona unaivuta kwa bolti simama, unavunja pampu.

Imefungwa na bado

D inachelewa, R sawa: mdomo wa sili ya C1 umekunjika au ringi imekatwa wakati wa kuingiza. Gia zinaingia kwa kishindo zote: kebo ya throto imevutwa sana. Moja tu inagonga: springi za akumuleta zimebadilishana nafasi, hizo zina rangi na urefu tofauti, turudi kwenye picha. Inaondoka vizuri na inaslip ikipata joto: hujagusa pampu wala bushi. Haiendi popote na oili ipo: konveta haikukaa na pampu imekufa, au chujio halijabanwa na oringi yake imebaki mezani.

Ukijaza usiwashe na lita mbili. Tia kama lita 4 kwanza, washa, pitisha selekta taratibu P mpaka L na kurudi, kisha ongeza kidogo kidogo kwa kijiti. Ikiwa kavu na konveta tupu inakunywa zaidi ya lita 7 kwa hiyo nunua 10. Siku za mwanzo usivute trela wala kukimbizana, gia ziingie kwa mguu mwepesi, na baada ya kilomita 1,000 hivi shusha sampu tena, safisha sumaku, badili chujio. Tope kidogo utaliona, pleti mpya zinajisawazisha. Ukiona vipande vyeusi, rudi kwenye ile karatasi ya gia na klachi, ujue ni nani kati yao hujamfuata mpaka mwisho wa njia yake ya oili.